Masaji: Tuulize Kazi Yake Kabla ya Jina Lake

Barabara ya Kasapa, inayotoka mjini Lubumbashi kuelekea chuo kikuu, hupitiwa na watu wengi ambao uzito wa kazi unawaishia mgongoni: vijana wanaosukuma baiskeli zenye magunia ya makaa, akina mama wenye mabeseni kichwani, wanafunzi waliokaa kwenye viti vigumu tangu asubuhi. Jioni ikifika, dawa ya kwanza nyumbani ni kukandwa. Siku hizi dawa hiyo inauzwa kwa majina mengi: masaji ya Kiswidi, ya Kithai, shiatsu ya Kijapani, refleksolojia ya nyayo. Kila jina linakuja na bei yake na ahadi yake. Lakini kwa maumivu ya kawaida ya mgongo na misuli, ushahidi wa kisayansi unaonyesha kwamba jina lina uzito mdogo sana. La muhimu ni kujua mkono unafanya kazi gani, juu ya tatizo lipi.

Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 401 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi moja lilipata masaji ya kutuliza mwili tu. La pili lilipata masaji ya kitaalamu inayolenga misuli na viungo vyenye kasoro. La tatu liliendelea na matibabu yake ya kawaida. Baada ya wiki 10, makundi yote mawili yaliyokandwa yalikuwa na nafuu kuliko la tatu, na baina yao tofauti ilikuwa ndogo mno. Faida hiyo nayo ilipungua kadiri miezi ilivyopita. Kwa hiyo masaji inasaidia kweli, ila kwa muda, na ufundi wa gharama kubwa hauongezi mengi juu ya mikono yenye utulivu.

Sababu iko zaidi kwenye neva kuliko kwenye nyama. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba habari za mguso zinapoingia kwenye uti wa mgongo huweza kuzuia habari za maumivu zisipande zote hadi kwenye ubongo. Ndiyo maana anayejigonga goti hulisugua papo hapo. Misuli nayo hufaidika. Katika utafiti wa Kanada wa mwaka 2012, vijana 11 waliendesha baiskeli hadi wakachoka kabisa, kisha mguu mmoja ukakandwa kwa dakika 10. Vipande vidogo vya msuli vilivyotolewa vilionyesha dalili za uvimbe zimepungua. Asidi ya laktiki, ambayo wakandaji wengi husema wanaitoa, haikubadilika. Hata ile “sumu” tunayoahidiwa kutolewa kwa mafuta na vidole huondolewa na ini na figo.

Mtu anaweza kupinga: kama ni kutulizwa tu, basi ni imani. Ni kweli kwamba utafiti wa masaji una udhaifu, kwa kuwa anayekandwa hawezi kufichwa kwamba anakandwa. Lakini maumivu yenyewe hutengenezwa na neva na ubongo, na kuyapunguza kwa njia hiyo ni tiba halali. Tena ziko hali ambapo aina ya masaji ni jambo kubwa. Mama aliyejifungua akitokwa na damu nyingi, mkunga husugua mji wa mimba kupitia tumboni ili ukaze. Hatua hiyo, pamoja na dawa, dripu na uchunguzi wa haraka, ilijaribiwa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Matokeo ya mwaka 2023 yalionyesha madhara makubwa ya kutokwa na damu yamepungua kwa asilimia 60. Hapo mkono una kazi maalumu, na hauachwi peke yake.

Wengine watasema wazee wetu walikanda na watu wakapona. Walipona wengi, maana maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache. Wasiopona ndio wanaotupa wajibu. Mfupa uliovunjika haukandwi, wala mguu mmoja uliovimba ghafla, maana damu iliyoganda inaweza kusafiri hadi mapafuni. Tumbo la mjamzito likibinywa kwa nguvu, kondo linaweza kubanduka. Na mgongo unaouma usiku, pamoja na homa na kukonda, unaweza kuwa na kifua kikuu cha mifupa, ugonjwa usiotibiwa kwa mafuta wala maji ya moto. Miguu ikifa ganzi au mkojo ukishindwa kuzuilika, ni hospitali siku hiyohiyo.

Anayesukuma makaa kutwa anastahili kukandwa na mtu wa nyumbani, taratibu, bila kulipia jina la mbali. Maumivu yakizidi wiki chache, amwone daktari au kine (mtaalamu wa tiba ya viungo), na akubali pia mazoezi, kwa sababu nafuu ya mkono haidumu, na mgongo wenye nguvu ndio unaostahimili mzigo wa kesho.