Chanjo ya HPV ni ya bure na dozi ni moja. Dada yako ataipatia wapi?

Mtoto mchanga wa Kayole au Mathare akikosa chanjo, kuna watu wengi watakaojua. Akizaliwa tu anadungwa ya kifua kikuu. Akifika wiki 6 mama anarudi kliniki, halafu wiki 10, halafu wiki 14. Miezi 9 ni surua, miezi 18 surua tena. Kila kitu kinaandikwa kwenye kile kijitabu cha kliniki, na nyanya akija kumwona mtoto, hata chai haijapoa atakuwa ameuliza kama amepelekwa kudungwa.

Baadaye kunakuwa kimya. Msichana wa miaka 10 hana siku ya kliniki. Si mgonjwa, habebwi mgongoni tena, na saa ambazo zahanati ya umma imefunguliwa yeye yuko darasani na mzazi yuko kazini Industrial Area au kibandani akiuza mboga. Lakini ni katika umri huo hasa, kati ya miaka 10 na 14, ambapo anafaa kupata chanjo ya HPV, ile ya kumkinga dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi.

Hii saratani si stori ya mbali. Kila mwaka zaidi ya wanawake 5,000 nchini Kenya hugunduliwa kuwa nayo, na zaidi ya 3,000 hufariki. Piga hesabu: ni kama wanane au tisa kila siku. Wengi hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, kwa sababu mwanzoni haiumi.

Inasababishwa na virusi vya HPV ambavyo huambukizwa kupitia ngono, na ni vya kawaida kiasi kwamba watu wengi wanaoshiriki ngono hukutana navyo wakati fulani maishani, wanaume kwa wanawake. Mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Shida ni vile vinavyogoma kutoka, hasa aina ya 16 na ya 18, ambazo zinahusika na takriban asilimia 70 ya saratani hii. Vinaweza kukaa miaka 15 au 20 vikiharibu chembechembe polepole. Kwa mwanamke anayeishi na HIV mambo huenda haraka zaidi, na hatari yake ni karibu mara sita.

Ndiyo maana chanjo inatolewa mapema, kabla msichana hajakutana na virusi. Wapo wazazi wanaoona ni kama kumpa mtoto ruhusa ya kuanza ngono. Kwa maoni yangu hapo wanachanganya mambo. Mtoto wa wiki 6 hudungwa chanjo ya homa ya ini aina ya B, ambayo pia huambukizwa kupitia ngono, na sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba kitoto kimefundishwa tabia mbaya.

Kenya ilianza kutoa chanjo hii kote nchini Oktoba 2019. Kabla ya hapo kulikuwa na majaribio katika kaunti ya Kitui kuanzia 2013, ambapo wahudumu waliwafuata wasichana shuleni. Mpango wa 2019 uliegemea zaidi vituo vya afya, na dozi zilikuwa mbili, zikiachana kwa miezi 6. Sasa fikiria msichana aliyedungwa ya kwanza Oktoba 2019. Ya pili ilikuwa Aprili 2020. Machi mwaka huo shule zote zilifungwa kwa sababu ya Covid, na hakuna aliyetaka kuonekana karibu na hospitali. Wengi hawakurudi. Hata corona ilipopungua, pengo kati ya dozi ya kwanza na ya pili lilibaki kubwa.

Suluhu ya hilo tatizo la dozi mbili ilitoka hapa hapa nyumbani, na hii ni sehemu ambayo vijana wengi hawaijui. Wasichana na wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 kutoka Nairobi, Thika na Kisumu walijitolea katika utafiti ulioitwa KEN SHE, uliofanywa na KEMRI pamoja na vyuo vikuu vya nje. Swali lilikuwa rahisi: je, dozi moja inatosha? Baada ya miezi 18, majibu yalionyesha kwamba dozi moja ilizuia maambukizi ya kudumu ya aina ya 16 na 18 kwa asilimia 97.5. Matokeo yalichapishwa Aprili 2022. Mwezi huo huo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wakasema dozi moja inaweza kutosha, na kufikia Desemba mwongozo rasmi ukabadilishwa.

Yaani masupuu wa Thika na Kisumu, wengine wakiwa bado shule ya upili, walisaidia kubadilisha kanuni ya dunia nzima. Kenya yenyewe ilihamia dozi moja mwaka 2025. Wanaoishi na HIV ndio bado wanahitaji zaidi ya moja.

Kwa hivyo safari ya pili imeondolewa. Imebaki ile ya kwanza, na hapo ndipo mambo bado hukwama.

Rwanda walianza 2011, mbele ya nchi nyingine zote za Afrika, na mwaka huo huo wakafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana waliolengwa. Hawakungoja msichana aje. Walimfuata shuleni, darasa kwa darasa, na wale ambao hawakuwa shule wakatafutwa kijijini na wahudumu wa afya ya jamii. Sisi pia tunao hao wahudumu. Tangu Septemba 2023 serikali imesajili takriban 100,000 kote nchini, wale CHP unaowaona mtaani na mkoba mgongoni. Hawadungi sindano, lakini wanajua nyumba gani ina msichana wa miaka 11 na nani hajaenda shule mwaka huu. Marupurupu yao ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Tukitaka wagonge kila mlango, tuanze kwa kuwalipa kwa wakati.

Kuna kikwazo kingine ambacho gari la chanjo pekee haliwezi kukiondoa, nacho ni uvumi. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki walidai chanjo ya pepopunda ilikuwa na homoni ya kuwafanya wanawake wasizae. Wizara ya Afya na WHO walikanusha, lakini ile hofu haikuisha. Chanjo ya HPV ilipokuja 2019, ilikuta maneno yale yale yakizunguka, na leo yamehamia WhatsApp na TikTok. Ukweli ni kwamba chanjo hii haina virusi hai. Ina ganda tu linalofanana na la virusi, ili mwili ujifunze adui anakaa vipi. Mkono kuuma, homa kidogo au kizunguzungu ni mambo ya kawaida. Tafiti zilizofuatilia waliochanjwa katika nchi mbalimbali hazijaonyesha kwamba inaleta ugumba.

Mzazi aliyetishwa na ujumbe wa WhatsApp hatapona kwa kusoma bango la wizara. Mara nyingi atamsikiza mtoto wake mkubwa, yule anayemsaidia na simu, na huenda huyo ni wewe. Wakati wa likizo unaweza kumshika mdogo wako mkono mpaka kituo cha afya cha umma kilicho karibu, baada ya kuongea na mama au baba kwanza na kupiga simu kituoni kuuliza kama dozi zipo, kwa maana mwaka 2025 tuliona hata chanjo za watoto wachanga zikikosekana.

Kama wewe mwenyewe umepita miaka 14, bado unaweza kuchanjwa katika hospitali ya kibinafsi, ila huko utatoa maelfu ya shilingi mfukoni. Ukifika miaka 25, cha muhimu ni kupimwa mlango wa kizazi, uwe ulichanjwa au la, na mama yako akiwa hajapita 49 naye yumo kwenye orodha hiyo. Wasichana waliokuwa na miaka 10 mpango ulipoanza mwaka 2019 walishatimiza 15 zamani. Wanaofuata sasa hivi wako sekondari msingi, Gredi 8 na 9, na kwao muda wa dozi ya bure unahesabika kwa miezi.