Maada na Nishati Mwanzoni mwa Ulimwengu

Katika kamusi zetu, maada na nishati ni maneno mawili yenye maana mbali mbali. Lakini tangu Albert Einstein alipotoa mlingano wake maarufu mwaka 1905, fizikia hufundisha kwamba maada yaweza kugeuka nishati, na nishati kugeuka maada. Bila kufahamu jambo hili, hatuwezi kuuelewa mwanzo wa ulimwengu.

Yapata miaka bilioni 13,8 iliyopita, joto lilikuwa kali mno, hata miali ya nuru iliyogongana ikazaa chembe za maada. Kila chembe ilizaliwa pamoja na pacha wake wa kinyume, yaani chembe ya antimaada. Mapacha hao wakikutana huangamizana na kurudi kuwa nuru. Ulimwengu ulipotanuka na kupoa, kuzaliwa kulikoma, lakini kuangamizana kuliendelea.

Lau pande hizo mbili zingalikuwa sawa, ingalibaki nuru karibu tupu. Kumbe, kwa kila chembe bilioni moja hivi za antimaada, palikuwa na chembe bilioni moja na moja za maada. Hiyo moja iliyozidi ndiyo asili ya nyota, ya ardhi na ya miili yetu. Mwaka 1967, Andrei Sakharov alieleza masharti ya kupatikana kwa ziada hiyo. Chanzo chake hasa wataalamu wangali wanakitafuta.

Basi tunapotamka neno maada, tukumbuke kwamba tunataja salio dogo la maangamizi makubwa.