Dume la Mpwapwa: mnadani utaonyeshwa rangi, wewe uliza daftari

Swali linalorudi mara kwa mara kwenye simu ya kipindi chetu cha wafugaji ni hili: nimeuziwa dume mnadani, muuzaji anasema ni mbegu ya Mpwapwa, nitajuaje kama ni kweli? Si swali dogo. Mtu huuza majike mawili au matatu apate dume moja, na akikosea hatajua leo wala mwakani. Atajua baada ya miaka minne, mabinti wa dume hilo watakapoanza kukamuliwa.

Jibu la haraka ni kwamba kwa macho peke yake huwezi kujua. Ng'ombe wengi wa Mpwapwa ni wekundu au wa kahawia, lakini ng'ombe wekundu wamejaa kuanzia Kongwa hadi Manyoni, na wengi hawajawahi kuwa na babu aliyeishi Mpwapwa. Ili kuelewa kwa nini rangi haitoshi, turudi mahali mbegu yenyewe ilipotengenezwa.

Mpwapwa ilipata kituo cha utafiti wa magonjwa ya mifugo tangu wakati wa Wajerumani. Chini ya Waingereza kazi ikapanuka, wataalamu wakaanza kutafuta ng'ombe wa kuishi kwenye nchi kame kama yetu, yenye msimu mmoja wa mvua na miezi mingi ya majani makavu, lakini atoe maziwa na nyama kuliko ng'ombe wetu wa asili. Zebu wa asili ni mvumilivu kweli, ila maziwa yake ni ya ndama na kikombe cha chai. Ng'ombe wa Ulaya ana maziwa mengi, ila kwa joto letu, kupe wetu na majani yetu ya Septemba, hafiki mbali.

Wakachukua njia ya katikati. Waliingiza damu ya Sahiwal na Red Sindhi, ng'ombe wenye nundu kutoka Bara Hindi waliozoea joto na wenye maziwa. Wakachanganya na zebu wa hapa, Boran, Ankole kidogo, na kiasi cha damu ya Ulaya kama Ayrshire. Zaidi ya nusu ya mbegu iliyopatikana ni damu ya Sahiwal na Red Sindhi. Jina linalotajwa sana katika maandishi ya kazi hiyo ni la mtaalamu H. G. Hutchison. Kufikia mwaka 1958 mbegu ilikuwa imepata sura yake na jina la Mpwapwa.

Kuchanganya ndiyo kazi rahisi. Hata malishoni ng'ombe hujichanganya wenyewe. Kazi ngumu ni inayofuata: kuchagua ndama wa kubaki na wa kuondoka, kizazi baada ya kizazi, na kuandika. Jike hubeba mimba miezi tisa, ndama wake akiwa jike atazaa akifikisha miaka mitatu au minne. Kwa hesabu hiyo mtaalamu aliyeanza kazi akiwa kijana anastaafu akiwa ameona vizazi saba au vinane tu.

Uingereza wako watu wanaomaliza umri wao kwa mbwa wadogo waitwao terrier, waliofugwa kufukuza panya na mbweha mashimoni. Wanawazalisha, wanawapeleka kwenye maonesho, na wakizeeka wanakuwa waamuzi wa mbwa wa wenzao. Mtu anaweza kucheka, mbwa tu jamani! Lakini chama chao kilianzishwa mwaka 1873, na mwaka uliofuata kikatoa kitabu cha kuandika kila mbwa na wazazi wake. Wafugaji wa ng'ombe aina ya Shorthorn walishakuwa na kitabu cha namna hiyo tangu 1822. Mwenye mifugo akifa, kitabu kinabaki, na anayemfuata anaanzia pale alipoishia mwenzake.

Mbegu ya Mpwapwa ilikosa bahati hiyo kwa vipindi virefu. Kundi la kituoni lilibaki dogo, fedha na watumishi vilipungua nyakati mbalimbali, na madume yaliyotoka kwenda vijijini yalizaa na zebu bila mtu kufuatilia wajukuu. Mbegu haikufa. Leo inashughulikiwa na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI, katika kituo chake cha Mpwapwa. Ila ng'ombe wenye kumbukumbu ni wachache sana ukilinganisha na wanaoitwa kwa jina hilo minadani.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Dume halisi la Mpwapwa likizaa na zebu, ndama ana nusu. Ndama huyo akizaa tena na zebu, mtoto ana robo. Ukienda Msalato ukaoneshwa dume jekundu lenye robo, muuzaji hadanganyi kabisa akisema lina damu ya Mpwapwa, ila utakalolipia ni jina zaidi ya damu.

Wafugaji wa Kigogo hawahitaji kufundishwa ukoo wa ng'ombe. Mzee atakutajia mama, bibi na mama wa bibi wa jike lake, na alivyolipata, kwa mahari au kwa kubadilishana. Muulize baba, atacheka: baba ni wa malishoni. Makundi yanachungwa pamoja, mengine yamewekwa kwa rafiki kijiji cha pili, na dume linalowahi ndilo linalopanda. Kwa maoni yetu hapa ndipo tunapopotezea mbegu, kuliko hata kwenye ukame. Nusu ya kila ndama inatoka kwa mzazi tusiyemjua.

Dawa yake haina gharama kubwa. Hasi madume yote usiyoyachagua kabla hayajaanza kupanda, na kubalianeni na mnaochunga pamoja, maana ukihasi peke yako umemfanyia kazi jirani. Dume ulilolichagua usikae nalo hadi lipande mabinti zake. Baada ya miaka miwili au mitatu badilishana na mfugaji wa mbali. Ndama wa baba na binti mara nyingi hudumaa, na jike wa uzao huo huchelewa kushika mimba.

Kisha nunua daftari la kawaida. Kila ng'ombe awe na ukurasa: namba ya hereni, mama, baba, tarehe ya kuzaliwa, tarehe za kuzaa, ugonjwa, na sababu ya kuuzwa au kufa. Maziwa si lazima upime kila siku. Chagua asubuhi moja kila wiki mbili, kopo lilelile, uandike.

Kwenye Nanenane pale Nzuguni watu hujaa mbele ya dume kubwa kuliko yote. Sisi tungependa waulize pia mama yake alitoa lita ngapi na alizaa mara ngapi. Ukiwa mbele ya dume unalotaka kununua, litembeze kwanza uone miguu ya nyuma na kwato, shika korodani zote mbili uone zinalingana, halafu omba kumwona mama au dada yake na utazame kiwele. Asiyeweza kukuonyesha hata ndugu mmoja wala karatasi moja, mlipe bei ya dume la kawaida.

Anayetaka dume lenye kumbukumbu aanze kwa afisa mifugo wa kata, aombe kuunganishwa na kituo cha TALIRI Mpwapwa. Amuulize pia kuhusu uhimilishaji, na kama mbegu ya Mpwapwa inapatikana kwa njia hiyo. Aulize mapema, kabla ya kuuza majike yake.