Tamco, Shusha! Kiwanda Kinapokufa, Ardhi Yake Inafanya Nini?

Mkazi wa Gwata, wilayani Kibaha, anayekwenda Kibaha mjini, akishafika Mlandizi na kupata gari la kuelekea Dar es Salaam, husikia kondakta akitaja vituo vya Barabara ya Morogoro: Picha ya Ndege, Tumbi, Kwa Mathias, Maili Moja. Katikati ya majina hayo kuna moja ambalo vijana wengi hudhani ni la mzee fulani aliyewahi kumiliki shamba hapo. "Tamco, shusha!" hupaza sauti abiria wa nyuma, na gari linasimama.

Tamco si mzee wala si shamba. Ni kifupisho cha jina la Kiingereza la kampuni ya kuunganisha magari ya Tanzania, iliyokuwa ikiunganisha malori na mabasi ya Scania kutoka Sweden enzi za mashirika ya umma. Kiwanda kilikufa, lakini jina lake likabaki kituoni, likawa mtaa na likawa anwani ya watu ambao hawajawahi kuliona lori hata moja likitoka getini. Picha ya Ndege nayo, pamoja na jina lake, haikuwahi kuwa na kiwanda cha ndege. Mtambo mkubwa wa vyombo vya usafiri uliozaliwa na kufa Kibaha ni huo wa Tamco, na yaliyofuata baada ya kifo chake yanafanana sana na yaliyozipata nchi zinazounda ndege.

Kiwanda cha ndege si godauni. Kinahitaji jengo lisilo na nguzo katikati ili mabawa yapite, sakafu ya zege nene, umeme mwingi, na mara nyingi uwanja wa kurukia pembeni. Kikifungwa, kinaacha shimo katikati ya mji: ajira zimeondoka, majengo ni makubwa mno kwa biashara ya kawaida, na ardhi ni kubwa kiasi kwamba kila mwenye ndoto anaitamani.

Filton, kandokando ya jiji la Bristol nchini Uingereza, ni mfano mzuri. Baada ya Vita Kuu ya Pili, hanga kubwa lilijengwa hapo kwa ajili ya ndege moja ya abiria iliyoitwa Brabazon, na kijiji cha Charlton kikabomolewa ili njia ya kurukia irefushwe. Brabazon iliruka mara ya kwanza mwaka 1949. Hakuna shirika lililoinunua, na mwaka 1953 ikakatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Hata hivyo hanga lilibaki na kupata kazi nyingine, na Filton ndiko ndege za abiria za Concorde za Uingereza zilikounganishwa. Uwanja ulifungwa Desemba 2012. Leo kampuni ya YTL ya Malaysia inajenga mji mpya wenye nyumba na maduka juu ya njia ile ya ndege, na mpango wake unayageuza mahanga yale ya zamani kuwa ukumbi mkubwa wa matamasha. Jirani yake kuna makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 2017, yanayohifadhi Concorde ya mwisho kuruka duniani.

Bethpage, jimbo la New York, inaonyesha upande mwingine wa sarafu. Hapo kampuni ya Grumman iliunda ndege za kivita pamoja na chombo kilichowashusha binadamu mwezini mwaka 1969. Shughuli zilipopungua, baadhi ya majengo yaligeuzwa studio za filamu, na kwa macho ya mpita njia kazi ilikuwa imekwisha. Chini ya ardhi ilikuwa haijaanza. Kemikali za kuondolea grisi kwenye vyuma zilikuwa zimezama udongoni miaka mingi na kuingia kwenye maji, na sasa uchafu huo umeenea chini ya makazi ya watu kwa kilomita kadhaa. Kuusafisha ni kazi ya miongo, na gharama zake zinafika mamia ya mamilioni ya dola.

Tamco ilikuwa na kazi nyepesi kuliko kuunda ndege. Kuunganisha gari si kuliunda. Vipande huletwa katika makasha: chesisi, injini, gia, kabini. Mafundi huifunga injini juu ya chesisi, hupitisha nyaya na mabomba ya breki, hushusha kabini kwa winchi, kisha hupaka rangi na kujaribu. Faida kwa nchi ni ajira, ujuzi na fedha za kigeni kidogo zinazookolewa. Udhaifu wake ni kwamba makasha yasipokuja, mafundi hukaa. Fedha za kigeni zilipoadimika, na baadaye soko lilipofunguliwa kwa magari yaliyokwisha kuunganishwa au kutumika ng'ambo, kiwanda cha aina hiyo kilikosa pumzi.

Viwanda vingi vya zama zile vilipokufa, mashine ziliuzwa kwa wafanyabiashara wa skrepa na viwanja vikamegwa vipandevipande. Kwa Tamco ardhi haikumegwa. Eneo lenye zaidi ya ekari 200 lilibaki mikononi mwa Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, ambalo liliamua kulifanya kongano la viwanda: sehemu ya magari na mitambo, sehemu ya nguo, sehemu ya bidhaa za kibayoteknolojia. Hapo ndipo mpango wa matumizi mapya hufaulu au huanguka. Ardhi ikikatwa leo kumridhisha mnunuzi wa kwanza, kesho haitoshi kwa barabara ya ndani, kituo cha umeme wala bwawa la majitaka.

Mpangaji aliyetokea hakuwa mtu wa magari kabisa. Julai 2015 Rais Jakaya Kikwete alizindua hapo kiwanda cha viuadudu vya kuangamiza viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, chenye uwezo wa kuzalisha lita milioni 6 kwa mwaka.

Dawa yenyewe ni ya kuvutia. Ndani ya chupa kuna bakteria anayekuzwa kwenye matangi, kama chachu inavyokuzwa kwa ajili ya mkate. Bakteria huyo hutengeneza chembe za protini. Matone yake yakimwagwa kwenye dimbwi, viluwiluwi huzimeza pamoja na chakula chao, na chembe hizo huwatoboa utumbo. Wanakufa kabla hawajaota mabawa. Samaki, ng'ombe anayekunywa hapo na mtoto anayechezea maji hawadhuriki, kwa sababu matumbo yao hayafanani na ya kiluwiluwi.

Teknolojia ilikuwepo, jengo lilikuwepo, malaria ilikuwepo. Kilichopungua ni mnunuzi. Mtu binafsi hanunui lita za kunyunyizia madimbwi ya mtaa mzima. Hiyo ni kazi ya halmashauri, na halmashauri ina bajeti yenye madai mengi. Rais John Magufuli alipokitembelea mwaka 2017 alikuta shehena imelala ghalani, akaagiza halmashauri zote nchini zichukue dawa hiyo. Amri ya rais inaweza kuondoa mzigo stoo, lakini kiwanda kinahitaji mteja anayerudi kila mwaka bila kuamriwa.

Hadithi ya trekta za Ursus ilifanana na hiyo. Kwa mkopo wa Poland wa dola milioni 55, zilipangwa kuletwa trekta 2,400 zikiwa vipande na kuunganishwa hapohapo Tamco. Mafundi wakarudi kwenye kazi ile ya kushusha injini juu ya chesisi. Mpango haukufika mwisho wake: trekta zilizokuja hazikukaribia idadi iliyoahidiwa, na Ursus yenyewe ikafilisika huko Poland. Mdudu aliyeila Tamco ya kwanza, yaani kutegemea makasha ya mtu mmoja, alirudi akiwa na rangi nyingine.

Kisha malori yakarejea. Kampuni ya GF ilijenga katika kongano hilo kiwanda cha kuunganisha magari, yakiwemo malori ya FAW ya China, na barabara ileile iliyozoea Scania mpya zikitoka getini ikaanza kuona sura nyingine. Safari hii mwenye kiwanda ni mfanyabiashara anayeuza magari hayo mwenyewe na kuwajua wateja wake kwa majina, na yeye ni mpangaji mmojawapo tu ndani ya kongano. Akiyumba, jirani yake hazimi taa.

Kwa mipango ya aina hii, maswali huja kwa mpangilio. La kwanza ni hati: ardhi ni ya nani, mipaka iko wapi, na je, wakati geti limefungwa watu wamejenga ndani? Eneo lililolala miaka 20 Pwani halibaki tupu. Mihogo hupandwa, nyumba huinuka, na anayetaka kuwaondoa watu hujikuta mahakamani. La pili ni udongo. Mtaalamu hutoboa mashimo membamba palipokuwa na matangi ya mafuta, chumba cha rangi na sehemu ya kuoshea vipuri, akachukua sampuli kwa kina tofauti. Mapaa ya zamani hukaguliwa kama yana asbesto, ambayo hairuhusiwi kuvunjwa kwa nyundo na vibarua wasio na barakoa. Baada ya hapo ndipo hufuata maji, umeme na barabara, na katika hayo Kibaha ina bahati: barabara kuu iko mlangoni na mtambo wa maji wa Ruvu Juu uko Mlandizi.

Jengo lenyewe huja mwisho, kinyume na wengi wanavyodhani. Hata jengo jipya halihakikishi kazi: kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi ziuzwe Ulaya. Kilipewa kuta za alumini zisizofaa joto la Morogoro, hakikuwahi kuzidi asilimia 4 ya uwezo wake, na kilifungwa mwaka 1990.

Mambo haya yanaihusu Gwata kuliko yanavyoonekana. Katika Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, ambamo Gwata imo, Kwala imegeuka ndani ya miaka michache kutoka pori la wafugaji na wakulima hadi bandari kavu iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Julai 31, 2025, yenye reli ya kisasa, barabara ya zege kutoka Vigwaza na kongano linalokusudiwa kubeba viwanda zaidi ya 200. Vijiji vinavyozunguka, vyenye mashamba na malisho, vinatazama mipaka ikichorwa. Wazee hujadili fidia, vijana hujadili ajira.

Kitu kinachozungumzwa mara chache ni siku ambayo kiwanda kimojawapo kitafungwa. Sheria haijakisahau. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake, mwekezaji wa mradi mkubwa hufanya tathmini ya athari kwa mazingira, na ripoti yake hueleza mradi utakavyofungwa: mitambo itaondolewa vipi, taka zitapelekwa wapi, ardhi itarudishwa katika hali gani na kwa fedha za nani. Kurasa hizo huwa nyuma kabisa ya ripoti nene, baada ya ramani na majedwali ya idadi ya ndege na miti. Ripoti ni waraka wa umma, na taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira hupokea maoni ya wananchi kabla ya cheti kutolewa.

Kwa hiyo wataalamu wanapokuja na turubai, viti vya plastiki na kipaza sauti kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti anaweza kuwaomba wafungue kurasa hizo kwanza na kuzisoma kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kabla hajapitisha daftari la mahudhurio.