Kwenda Turkana na Watoto Wakati wa Likizo

Leo tuzungumze juu ya safari. Shule zikifungwa mwezi wa Agosti au Desemba, kuna familia zinazotaka kwenda kuona Ziwa Turkana, hasa pale Eliye Springs, ambapo chemchemi hutoka mchangani na mikoma imesimama karibu na ufuo. Ni pazuri, nendeni. Lakini jueni kwamba Lodwar joto la mchana hufika nyuzi 35 karibu mwaka mzima, na mwili wa mtoto mdogo hukauka upesi kuliko wako.

Mimi mwenyewe niliwahi kukosea. Tulitoka Kitale alfajiri, kifungua mimba wangu akiwa na miezi minane. Kwa sababu ya baridi ya Kapenguria nilimvika sweta na kofia ya sufi, nikamfunika shali. Tukateremka Marich, tukaingia kwenye tambarare, joto likabadilika nami nasinzia. Mtoto alinyamaza, nikadhani amelala vizuri. Nilipomshika, nepi ilikuwa kavu tangu asubuhi, midomo imekauka, na utosi umebonyea. Na mimi ndiye muuguzi! Tulisimama chini ya mgunga, nikamvua nguo na kumnyonyesha mara kwa mara mpaka akakojoa. Baba yake alikuwa na haraka ya kufika, lakini siku hiyo alingoja.

Kwa hivyo panga safari yako kwa maji kwanza. Mimi huhesabu lita nne za kunywa kwa siku kwa mtu mzima, na lita mbili kwa mtoto wa shule. Wazazi wawili na watoto wawili ni lita 12, kwa hiyo mtungi wa lita 20 hautoshi siku mbili. Tena msidhani mtakunywa ya ziwa. Maji yale yana magadi na floraidi nyingi, ambayo huharibu meno na mifupa ya mtoto, na kuyachemsha hakuondoi floraidi. Mamba nao wamo, basi uliza wenyeji kabla ya mtoto kutia mguu majini.

Mtoto mkubwa usimngoje aseme ana kiu, mpe maji kidogo kidogo kila mara. Aliye chini ya miezi sita haongezewi maji, ananyonya zaidi ya kawaida, usiku na mchana. Mama, nawe unywe ndipo maziwa yapatikane.

Beba pakiti za ORS. Soma pakiti kabla ya kuchanganya, maana nyingi hapa Kenya ni za nusu lita, na ukizidisha au kupunguza maji unaharibu dawa. Iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe.

Kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni watoto wakae kivulini. Nguo ziwe za pamba, nyepesi, za mikono mirefu, na kofia yenye ukingo mpana. Mtoto mwenye ualbino apakwe pia mafuta ya kukinga jua, tena arudiwe kupakwa kila saa mbili. Mtoto wa mgongoni usimfunike leso gubigubi, hapo ndani ni kama jiko. Na usimwache mtoto kwenye gari lililofungwa hata kama unanunua soda tu.

Mtoto akiwa moto sana, akalegea, akaanza kuropokwa au akapata degedege, hiyo ni hatari. Mpeleke kivulini, mvue, mmwagie maji mwilini na kumpepea, huku mkitafuta gari la kwenda hospitali. Asiyejitambua asinyweshwe kitu.

Usiku mlale ndani ya neti. Watu huona ukavu ule wakadhani hakuna malaria, lakini ipo, na watoto wetu wa nyanda za juu hawajaizoea. Asubuhi kung'uteni viatu, kwa ajili ya nge. Mvua ikinyesha, hata ikiwa mbali, msivuke laga yenye maji. Gari husombwa mkiwa ndani.

Jambo la mwisho ni vichuguu. Watoto hupenda kuvipanda, lakini humo hujificha mdudu mdogo kuliko mbu, ambaye huuma jioni na usiku na huambukiza kalaazari. Ugonjwa huo huchukua wiki au miezi kujitokeza. Basi mkisharudi nyumbani, mtoto akiwa na homa inayozidi wiki mbili, akakonda huku tumbo likivimba upande wa kushoto, mpeleke hospitali na umwambie daktari kwamba mlikuwa Turkana. Asipojua hilo, huenda akatibu malaria tu.

Nawatakia safari njema. Kwaherini.