Bili ya upasuaji isivyosema kuhusu dawa
MAMA wa Kuresoi akijifungua kwa upasuaji, bili huwa ya jumla. Viwango vya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, viliweka Sh30,000 kwa huduma hiyo. Malipo hayo hayaonyeshi ni kiuavijasumu kipi alichopewa, saa ngapi, wala kwa nini. Habari hizo hubaki katika faili, ikiwa ziliandikwa.

Saa ni jambo kuu. Mwaka 2016, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri dawa ya kukinga kidonda itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi, wala isiendelezwe baada ya upasuaji kwa sababu ya kinga tu. Kuiendeleza huwapa vijidudu usugu.

Mabadiliko yawezekana. Hospitali ya Thika ilipoweka sera hiyo, waliodungwa kabla ya upasuaji walipanda kutoka chini ya asilimia 2 hadi 98 kwa wiki sita, kulingana na utafiti uliochapishwa 2013.

Kidonda kikitunga usaha nyumbani, daktari atakayefuata ataitegemea faili hiyo, si bili. Jina la dawa, kipimo, saa na sababu yafaa yaandikwe.