Mchicha wa Mwezi Mmoja, Samadi ya Miezi Minne

Shule zilipofungwa mwezi Juni, jirani yangu wa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, hakutaka wanawe watatu washinde wakizurura. Nyuma ya nyumba alikuwa na tetea tisa wa kienyeji na jogoo mmoja. Akalima matuta manne: mawili ya mchicha, moja la chainizi na moja la sukuma wiki, na kila mtoto akapewa kopo lake lililotobolewa la kumwagilia. Asubuhi wakishafagia banda, uchafu wote waliutandaza kwenye matuta ukiwa bado mbichi. Mama alikuwa amesikia kwamba mavi ya kuku yana nguvu kuliko ya ng'ombe, na ni kweli.

Wiki ya pili alinijia jioni.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba, mama. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Ila mchicha unaungua. Nadhani maji ya kisima yana chumvi."

Hofu yake ilikuwa na msingi, maana visima vya chumvi ni vingi jijini. Nilipofika nikachuchumaa kando ya tuta la kwanza. Kingo za majani zilikuwa za kahawia, zimekauka kama karatasi iliyopitishwa juu ya makaa, na miche midogo ilikuwa imelala chini. Nikachota udongo kiganjani nikaunusa. Harufu ilinichoma pua na machozi yakanilengalenga. Ile ilikuwa amonia. Kisima hakikuwa na kosa lolote.

Kuku hakojoi kama ng'ombe. Taka ya nitrojeni mwilini mwake hutoka pamoja na kinyesi, na ndiyo ule weupe unaouona juu yake. Weupe huo ni asidi ya yuriki. Ukipata unyevu, bakteria huugeuza kuwa amonia, na amonia ikizidi huunguza mizizi michanga. Isitoshe, samadi mbichi ina chumvichumvi nyingi. Zikijaa udongoni, mzizi hushindwa kuvuta maji, na mmea unaomwagiliwa asubuhi na jioni hufa kwa kiu. Ndiyo maana yule mama alivyozidi kuona majani yanakauka, ndivyo alivyozidi kumwagilia, na hali ikazidi kuwa mbaya.

Kuungua ni hasara inayoonekana kwa macho. Kinachonitia wasiwasi zaidi hakionekani. Kinyesi cha kuku hubeba vimelea kama salmonela, vinavyoleta kuhara na homa, na watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi. Marekani, kanuni za kilimo hai zinataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi ichanganywe na udongo hadi kuvuna, ikiwa sehemu inayoliwa inagusa udongo. Kwa mazao yasiyogusa udongo ni siku 90. Sasa piga hesabu ya mchicha. Ukimwaga mbegu leo, baada ya wiki tatu au nne unakata. Hakuna namna mboga ya mwezi mmoja ikatimiza kungoja kwa miezi minne. Kwa mchicha, samadi mbichi ya kuku haina nafasi kabisa.

Utaniambia mchicha unapikwa. Ni kweli, na moto wa jikoni unaua vimelea hivyo. Lakini kabla ya kufika sufuriani, mchicha umeshikwa kwa mikono, umewekwa kwenye beseni na umekatwa kwa kisu kilekile kitakachokata nyanya na vitunguu vya kachumbari. Kachumbari haipikwi.

Dawa ya haya yote ni kuigeuza samadi kuwa mboji, na kazi hiyo haihitaji kununua kitu. Tulichagua kona yenye kivuli tukaanza kurundika: debe moja la samadi kwa madebe mawili ya majani makavu, nyasi na maranda ya mbao, tabaka juu ya tabaka, mpaka rundo likafika kimo cha mita moja. Usipunguze kimo hicho, kwa kuwa rundo dogo halishiki joto. Vitu vikavu vina kaboni nyingi, samadi ina nitrojeni nyingi, na bakteria wanahitaji vyote viwili ili wafanye kazi. Samadi ikizidi, utanusa ileile amonia, yaani mbolea yako inapotea hewani. Makavu yakizidi, rundo litakaa miezi halijabadilika. Kuhusu maji, chota mchanganyiko uubane ngumini: yakidondoka matone mawili matatu, yanatosha. Yakichuruzika, ongeza majani makavu.

Katikati ya rundo tulichomeka mti mrefu. Siku ya nne mtoto wa kati aliuchomoa, akaushika ncha na kuuachia hapohapo. Ulikuwa wa moto. Rundo lililopangwa vizuri hufika nyuzijoto 55 hadi 65, na joto hilo, likidumu kwa siku kadhaa, huua vimelea na mbegu nyingi za magugu. Lakini pembeni hakupati joto kama katikati, kwa hiyo rundo lazima ligeuzwe, cha nje kiingie ndani. Tuliligeuza kila joto liliposhuka. Baada ya miezi miwili hadi mitatu unapata kitu cheusi chenye harufu ya udongo wa mvua ya kwanza. Ukiona bado unaweza kutofautisha jani na kinyesi, subiri.

Matuta yaliyoungua tuliyakwangua juu, tukayaacha wiki tatu huku tukiyamwagia maji mengi, kisha tukapandikiza biringanya na nyanya chungu. Matunda yake huning'inia juu ya udongo, na hadi yalipovunwa siku 90 zilikuwa zimekwisha pita. Mchicha ulihamia matuta mapya, kwa samadi ya ng'ombe iliyokaa tangu mwaka uliotangulia.

Uzio wa bustani nao si wa kujadili. Tetea mmoja akiingia bustanini kwa robo saa, anapekua matandazo yote na kung'oa miche akitafuta wadudu. Mpelekee yeye mboga: mashina, majani yaliyotobolewa, magugu. Majani mabichi ndiyo yanayokipa kiini cha yai ile rangi ya manjano iliyokolea. Usimpe jani lililopuliziwa dawa, kwa sababu dawa hiyo inaweza kukurudia ndani ya yai.

Familia nyingi hukata tamaa kwa kutarajia mayai kupita kiasi. Kuku wa kienyeji hutaga kama mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwani muda mwingi unakwisha akiatamia siku 21 na kulea vifaranga. Hao vifaranga nao wafunike kwa tenga wiki za mwanzo. Kunguru weusi hawa, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, hawamwachi kifaranga aliye peke yake.

Lakini kunguru huchukua mmoja mmoja. Mdondo humaliza banda. Huo ndio ugonjwa ambao vitabu huuita Newcastle, na kwetu hupamba moto kiangazi. Kuku huzubaa, huharisha kijani, wengine husokotwa shingo, na tiba haipo. Chanjo ipo. Ile ya I-2 hustahimili joto kuliko chanjo za zamani, na haihitaji sindano: tone moja katika jicho moja, unamshikilia kuku mpaka apepese, kisha unarudia kila baada ya miezi mitatu. Kinga huchukua kama wiki mbili kujijenga, kwa hiyo anayekimbilia duka la pembejeo baada ya kuku wa kwanza kufa amechelewa. Zungumza na majirani mchanje siku moja, maana kuku wa kienyeji hawajui mpaka wa kiwanja. Yule mama alichanja wa kwake kumi, na nyumba tatu za jirani zikamfuata jioni ileile, mtoto mkubwa akiandika tarehe kwa mkaa kwenye mlango wa banda.

Na kila anayetoka bandani anawe mikono kwa sabuni kabla hajagusa chochote jikoni, watoto kwanza.

Kwa msomaji anayetaka kuanza: rundo la Juni hupandiwa Septemba. Kama leo umefagia banda, usiupeleke uchafu huo kwenye tuta. Tafuta kona yenye kivuli, kusanya majani makavu, uanze kurundika.